Nilipowasemea Wenye Maduka wa Mugumu

Asubuhi hiyo niliondoka Nyarero bila kumwambia mtu ninakoenda, kwa sababu mwenyewe sikujua. Mama alikuwa anafagia uwanja. Aliponiona nimevaa viatu akasema, "Haya, miguu imeanza kuwasha tena." Nikacheka, nikamuaga, nikashika njia ya Tarime. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, na tangu hapo darasa langu likawa popote watu walipokusanyika. Lazima nijue wanazungumza nini.

Tarime nilikuta lori la chumvi linakwenda Mugumu. Sikuwahi kufika huko. Nikamwambia dereva nitamsaidia kushusha magunia, akanipandisha.

Tulifika jioni. Mwenye chumvi alikuwa Mkurya wa makamo, mwenye duka karibu na soko, na alikuwa na mdomo wa kuuza hata bidhaa iliyokwisha. Lakini jioni ile aliyatazama magunia yake bila furaha.

"Shusha, mura," aliniambia, maana ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana. "Ingawa sijui nitamuuzia nani."

Amri ilikuwa imefika kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe, na kila kijiji kiwe na duka lake la ujamaa. Lake lilikuwa lifungwe mwisho wa mwezi. Duka la kijiji lilikuwa tayari limejengwa na kupakwa rangi, lina kibao mlangoni. Nilichungulia ndani: viberiti, na rundo la majembe yasiyo na mipini.

Wenye maduka walikuwa wamepanga kwenda pamoja kesho yake mbele ya kamati ya wilaya. Hawakuwa na chama chenye ofisi wala muhuri. Walikutana barazani kwa fundi cherehani, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza, na hakuna aliyenifukuza.

"Tusiende kulia," fundi aliwaambia. "Ukilia serikalini unapewa pole, basi. Wala tusibishane na ujamaa, tutakuwa tumekwisha. Tuombe kitu wanachoweza kukubali bila kuaibika."

Wakapatana waombe hivi: maduka yao yabaki wazi mpaka la kijiji lipate bidhaa. Msemaji wakamchagua yule mwenye chumvi. Nililala juu ya magunia yake, na asubuhi nikawafuata.

Mlango wa ofisi ulipofunguliwa, msemaji wetu aliingiza mguu mmoja, akaurudisha kama aliyekanyaga kaa la moto, akazunguka nyuma ya jengo. Mezani, kando ya afisa biashara, alikaa mama mmoja wa heshima ambaye ndiyo kwanza ameteuliwa kuwa mjumbe wa akina mama. Alikuwa mama mzazi wa mke wa msemaji. Kwa Wakurya mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, hamtazami usoni, sembuse kubishana naye. Wale watu walikuwa wamepanga kila neno, ila hakuna aliyeuliza nani atakaa upande wa pili wa meza.

Afisa alikuwa mgeni wa mkoa ule. "Msemaji wenu amekimbia? Basi hamna hoja."

"Ndugu afisa, hajakimbia," fundi alijibu. "Ameheshimu."

Fundi angeweza kusema mwenyewe, lakini siku hizo mtu mwenye asili ya pwani akisimama kutetea maduka aliitwa mnyonyaji kabla hajamaliza salamu. Wengine walikuwa wanatazama sakafu. Nikasikia mkono wa fundi mgongoni, unanisukuma mbele. "Huyu hana duka, na hapa hana mkwe. Aseme yeye."

Sikuogopa. Nilisalimia, nikalieleza ombi lao kama nilivyolisikia barazani. Mama mjumbe akanitazama vizuri.

"Duka lako liko wapi?"

"Sina, mama. Nina miguu tu."

"Basi nijibu, mwenye miguu. Nikitaka sukari naambiwa imekwisha. Halafu jirani yangu anatoka chumba cha nyuma amebeba kilo mbili. Kwa nini nisifurahi yakifungwa?"

Niligeuka kumtazama fundi. Kisha sauti ikatoka nje, chini ya dirisha: "Mwambieni mura aseme kwamba sukari huja kidogo!"

Mama hakugeuza hata shingo. "Mwambieni huyo wa nje kwamba sijamuuliza yeye."

Watu wakacheka, hata afisa. Mimi nikaelewa kwamba mama huyu hakuwa na ugomvi na maduka. Alichokichukia ni kile chumba cha nyuma. Nikasema bila kumuuliza mtu:

"Mama, chumba cha nyuma kiwe kitupu. Kila kitu kikae mbele, kwenye rafu, mnunuzi akione. Atakayekutwa ameficha gunia nyuma, afungiwe duka siku hiyo hiyo."

"Ametuuza huyu!" mtu alinong'ona nyuma yangu.

Macho yote yakaenda dirishani. Tulingoja.

"Mwambieni mura," sauti ilisema hatimaye, safari hii polepole, "kwamba nimekubali."

"Na mimi nimesikia," alisema mama.

Kamati ikakubali. Maduka yatabaki, kwa sharti hilo, katika kila kijiji cha wilaya ambako duka la ujamaa halijapata bidhaa.

Nje, msemaji alinishika bega. "Umenivua nguo mbele ya mkwe wangu, mura. Lakini duka ninalo." Papo hapo akanipa baiskeli yake. Rafiki yake mwenye duka huko Issenye alikuwa anahama siku hiyo hiyo kwa kuogopa amri ile, na lazima mtu amwahi. Issenye sikuwahi kufika. Kwangu hiyo ilitosha.

Nilimkuta alasiri, mzee mnene, anakaza kamba juu ya mkokoteni wa ng'ombe uliojaa bidhaa.

"Shikamoo, mzee. Fungua hizo kamba."

"Marahaba. Nani anasema?"

Nikamsimulia. Nilipofika mahali pa mkwe dirishani alicheka mpaka akakaa chini. Aliposikia sharti, kicheko kikakatika. Alikitazama chumba chake cha nyuma, akaanza kufungua kamba.

Tulipanga sabuni, sukari na madebe ya mafuta ya taa mbele mpaka rafu zikajaa. Majirani walikuja kutazama.

"Kumbe sabuni ilikuwepo?" aliuliza mama mmoja.

Mzee alichukua mche mmoja rafuni. Alimuuzia.

Jua lilipozama akaniuliza nitalala wapi. Nikamwambia sijui. Akaleta mkeka na blanketi, akakionyesha kile chumba, kitupu, bado kinanukia sabuni.

"Hicho hapo. Wamekataza bidhaa. Mtu hawakumkataza."

Nikatandika mkeka.