Ndevu za Ukoo Wetu

Nilipokuwa mtoto wa shule ya sekondari, nimeanza tu kuota chunusi na kujiona mkubwa, koko yangu wa kijijini Walungu alinikataza nyama ya mbuzi. Koko ndivyo sisi wa Bukavu tunavyomwita bibi. Huyu alikuwa mama mzazi wa papa, yaani baba yangu, mwanamke mrefu, mkulima wa maharagwe, asiyekosa misa ya Jumapili hata mvua inyeshe vipi. Lakini habari ya mbuzi hakutaka kuisikia kwa padri wala kwa mwalimu. Mwanamke akila mbuzi, anaota ndevu. Basi.

Siku yenyewe ilikuwa harusi ya shangazi yangu mdogo, kule kule Walungu. Tulipanda minibasi, papa, maman na mimi, nguo za harusi tumezikunja magotini zisichafuke. Safari hizo sikuzipenda sana. Nilizaliwa na kukulia Kadutu, mtaa wa mjini Bukavu, nikisema Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni. Mashi, lugha ya Walungu, niliisikia kama redio ya jirani: sauti naijua, maneno yananipita. Tena nilikuwa nimechukua sura ya maman, na maman ni mtu wa Shabunda, mbali na huko, kabila jingine. Kila nilipoamkia, akina mama wazee walinigeuza uso huku na huku wakitafuta kitu cha upande wao, kisha wakasema, "Huyu ni mama yake mutupu." Walisema kwa kucheka, bila ubaya wowote. Nami nilicheka nao, halafu nikaenda kusimama karibu na maman.

Papa hakujali miiko. Michopo ilipotoka motoni, nyama ya mbuzi ya kuchoma inayonukia pilipili, alinipa kijiti kizima mbele ya watu.

"Kula, mutoto yangu. Huku ni kwenu."

Koko akatuona kutoka upande wa pili wa uwanja. "Utaota ndevu, weye!"

Watu wakacheka. Nikala, na ilikuwa tamu mpaka nikalamba kijiti.

Wiki chache baadaye, nikijitazama kwenye kioo kabla ya kwenda shule, niliona uzi mweusi chini ya kidevu, upande wa kushoto. Nikaufuta. Haukutoka. Nikauvuta, ukaniuma.

Sijui niielezeje hofu ile kwa mtu mzima. Biolojia tulisoma, na homoni nilikuwa nimeandika mtihani juu yake na kupata alama nzuri. Elimu yote hiyo ilinikimbia palepale mbele ya kioo. Nilimwonyesha Furaha, rafiki yangu wa jirani, naye akarudi nyuma.

"Usiunyoe! Ukiunyoa, zitakuya zote."

Basi sikuunyoa. Nilijifunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, nikasema jino linaniuma. Maman alinipa maji ya chumvi, nikasukutua kwa utii kama mgonjwa wa kweli. Nilifikiria hata kuwa sista, mpaka nikakumbuka kuwa masista wa parokia yetu hufunika nywele tu. Kidevu wanakiacha nje, kila mtu akione.

Shida kubwa ilikuwa kwaya. Nilikuwa nimechaguliwa kuimba peke yangu kwenye misa ya kipaimara, jambo nililoliota mwaka mzima. Sasa nani anaimba huku amefungwa taya? Nilimwambia kiongozi wetu atafute mwingine. 

Koko alikuja kwa ajili ya misa hiyo. Alifika Jumamosi asubuhi na mfuko wa maharagwe, akanikuta barazani nimefungwa.

"Jino," nikasema.

"Fungua kinywa."

Nikakilegeza kitambaa kidogo, nikafungua. Aliyakagua meno yangu, yote mazima. Kisha akafungua fundo la kitambaa mwenyewe na kuniinua kidevu kwenye mwanga. Nikaanza kulia.

"Koko, ni ile mbuzi. Ulisema."

 Akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, hata maman akatoka jikoni mikono imejaa unga. Koko akaukamata mkono wangu na kuuweka chini ya kidevu chake. Upande wa kushoto palikuwa na vinywele vigumu, vifupi, vya mtu aliyezoea kuving'oa.

"Ya kwangu iko hapa. Mama yangu alikuwa nayo. Dada zangu wote pia."

"Kumbe na weye ulikulaka mbuzi?"

"Mimi?" Alikasirika kabisa. "Hata siku moja!"

Ilituchukua muda kusikia alichokuwa amesema. Maman ndiye aliyeuliza, taratibu, kwa heshima ya mkwe: "Sasa mama, hizo ndevu zilitoka wapi?"

Koko alijikuna kidevu.

"Zilitoka kwetu," akasema mwishowe. "Na mbuzi pia inaziletaka. Njia iko mbili."

Aliung'oa unywele wangu kwa kucha, akanionya kuwa utarudi. Jioni ile nilimwendea kiongozi wa kwaya kuomba nafasi yangu, na Jumapili niliimba. Baada ya misa, nje ya kanisa, mbele ya wavulana wote wa kwaya, aliwaita wenzake waliotoka naye Walungu na kuwaonyesha kidevu changu mahali penyewe. "Muone. Huyu ni wetu." Nilitamani kukimbia nisisimame mpaka ziwani. Lakini mmoja wao, bibi mwenye fimbo, alinisogelea na kuanza kunisemesha kwa Mashi, haraka haraka, bila kuuliza kama naijua. Nilimjibu kwa maneno machache niliyokuwa nayo. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea.

Koko ameshatangulia mbele ya haki, na sura yangu bado ni ya maman. Mbuzi nakula, tena bila kumwogopa mtu. Imani ile sikuirithi, wala siicheki, kwa sababu bila imani hiyo hakuna ambaye angeniinua kidevu siku ile na kukitazama vizuri. Kabla ya hapo nilidhani siku moja nitalazimika kuchagua upande, Shabunda au Walungu. Siku hizi naenda kote kuwili peke yangu, na nikifika sibishi hodi kama mgeni.