Saa Moja ya Balambala Kwenye Barafu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo natahayari kidogo, kisha nacheka. Ni siku niliyoisingizia rada ubovu uliokuwa wangu.

Mimi niliyekulia Balambala, huku kwetu Garissa, nyuma ya ngamia nilikuwa nimepelekwa kusoma kaskazini kabisa mwa dunia, mahali ambapo majira ya baridi jua halichomozi kabisa. Tulipima upepo wa juu sana kwa rada, huko vimondo vinakoungua. Hewa ya huko hujaa na kupwa kama bahari: kwa muda wa saa sita huvuma upande huu, kisha saa sita nyingine upande ule. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu, kuandika daftarini saa ambayo kipimo kimeanza.

Wiki ya kwanza michoro yangu ikatoka kinyume na ya wenzangu wote. Nikasema, tena kwa kujiamini, kwamba antena ni mbovu. Fundi wetu, mama mtu mzima aitwaye Astrid, akatoka nje kwenye barafu kuzikagua antena moja moja.

Jioni abti yangu, kaka yake mama, akapiga simu. Akasema kwao ni saa moja, ndiyo kwanza wametoka kuswali magharibi. Nikalifungua tena daftari. Kila kipimo kilichoanza kompyuta ikisema saba, mimi nimeandika moja, kama tunavyosema nyumbani. Saa sita hizo nilizokosea zilikuwa zimeugeuza upepo wote.

Wallahi niliona haya. Niliogopa kurudishwa Garissa, nikanyamaza. Kesho yake Astrid akatoka tena, nami nikakaa dirishani na chai yangu nikimwangalia. Mwishowe nikaiweka chai chini. Ikabidi nimfuate nje nimwambie. Akauliza nilijua lini. Nikasema jana.

"Saa ulikosea, hilo tutalirekebisha kwa kalamu," akasema. "Lakini vidole vyangu vya leo umevigandisha kwa kusudi."

Sikurudishwa. Tulisahihisha daftari, michoro ikakaa sawa, na nikafanya kazi naye kwa raha mpaka nilipomaliza masomo. Sasa nafundisha fizikia hapa Garissa, na alhamdulillahi nimeridhika.

Mwanangu, utakosea, na hutakufa kwa hilo. Ila ukishajua, sema papo hapo, kwa sababu yuko mtu nje anayehangaika na kosa lako. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akukutanishe na watu watakaokuambia ukweli kisha wakubakishe kazini. Amin.