Swali la Idrisa Msikitini

Kila Jumapili mume wangu, Idrisa, aliwasomesha watoto wa Warundi wa Brussels historia ya makhalifa, kwenye chumba nyuma ya duka la vitambaa. Alipenda kisa kimoja kupita vyote: Khalifa Omar yuko mimbarini, mtu wa kawaida anamkatiza na kumuuliza nguo ya ziada aliyovaa ameitoa wapi, na Omar anajibu.

"Huyo ndio khalifa," aliwaambia. "Munamuuliza, anajibu."

Khalifa mpya alipotangazwa Sham, Idrisa alisadiki kuwa ni yule yule. Alinisumbua hadi nikamfuata huko Syria.

Mwishoni mji wetu ulizingirwa. Ndege zilipiga mchana na usiku. Tulichemsha majani, na ghala la amiri, mtawala wa mji, lilijaa unga. Ijumaa moja amiri alikuwa mimbarini akituhimiza kusubiri. Nilikuwa juu, upande wa wanawake, nikamwona Idrisa akisimama.

"Amiri, unga wa ghalani unaliwa na nani?"

Pumbavu wangu mimi.

Amiri alimaliza hotuba. Alisalisha, tena kwa sauti nzuri.

Askari wake walimkamata Idrisa mlangoni.

Alasiri walimuua uwanjani, kipaza sauti kikatangaza kuwa ameritadi.

Nilipojifungia nikae eda, mlinzi wa nyumba ya wajane alicheka. "Eda ya nani? Kafiri hana mke." Wiki ile ile waliniozesha kwa mmoja wa waliomkamata. Huyo naye aliuawa na bomu. Sikumlilia.

Nilirudishwa Ubelgiji, nikatumikia kifungo, na sasa naogesha wazee kwenye makao yao Uccle, Brussels. Mama yake Idrisa, aliyekuwa akikaa mtaa wa Ganshoren, alitaka kitu kimoja tu: mwanawe asaliwe sala ya maiti aliye mbali. Tulikwenda pamoja kwa imamu.

"Maman, kwa huyu? Non. Polisi watafunga musikiti," imamu alisema.

"Kule walisema kafiri, hapa munasema gaidi. Bon. Mutoto wangu atasaliwa na nani?"

Imamu alimwagizia chai.

Mama alifariki mwaka jana bila kuipata sala hiyo. Msibani shemeji yangu mkubwa, kaka yake Idrisa, alisimama kutaja watoto aliowaacha marehemu pamoja na wale waliomtangulia, mmoja mmoja, hata kichanga aliyefia Bujumbura. Idrisa hakumtaja. Watu wakaitikia amina, pilau ikapakuliwa.

Nina hasira na Idrisa hadi leo. Lakini mama yule alimzaa, na mimi nilikuwa mke wake.