Haijabeba Maiti

Mimi ndiye niliyeandika kile kibao. Baba alileta kipande cha katoni ya sabuni, nikatoa kalamu nene niliyokuwa nikiandikia chati za darasa la pili, nikaandika kwa mwandiko wa kialimu: GARI INAUZWA. IKO SAFI. HAIJAPATA AJALI. HAIJABEBA MAITI. Baba alikisoma akiwa amekisogeza karibu na pua, kwa maana macho yake yalikuwa yameshaingiwa na mtoto wa jicho, akaniambia mstari wa mwisho niukoleze wino. Nikaukoleza. Tukakipeleka mjini Litein, kikafungwa kwa waya kwenye nguzo ya kituo cha petroli.

Huku kwetu kwenye chai, miaka ile ya tisini, gari dogo zuri lilikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni kumbeba bibi harusi. Na gari lililobeba maiti, au ambalo mtu amekata roho ndani yake, bibi harusi hapandi. Mama yake atakaa chini barabarani na harusi itasimama. Waweza kuliosha, waweza kumwita mchungaji aliombee; watu wataitikia amina na bado watakodi gari lingine. Tulikuwa Wakristo wa kila Jumapili, lakini jambo hilo hatukumwachia Mungu peke yake.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, la Kijerumani, lenye viti vya ngozi nyekundu na mbao zilizong'arishwa mbele ya dereva. Baba alimwendesha ndani yake meneja mmoja Mzungu wa shamba la chai kwa miaka mingi. Mzungu alipofungasha kurudi kwao, alimwachia Baba gari liwe kiinua mgongo chake. Nadhani Baba alipunjwa, lakini humwambii mtu amepunjwa wakati anacheka peke yake kwa furaha. Alilijengea banda la mabati kabla ya kutujengea jiko. Alilipandisha juu ya magogo ili matairi yasichoke, akalifunika blanketi mbili. Sisi watoto tulikuwa na blanketi moja moja. Mama alikuwa akisema hakuambiwa mapema kwamba angeletewa mke mwenza mwenye magurudumu.

Lilitoka kwenda kanisani sikukuu na kwenye harusi za watu, basi. Majirani walikuja mara mbili kumwomba akawachukulie marehemu wao hospitalini, na mara mbili alikataa, akawapa maziwa na pole. Walielewa. Wengine hata walimsifu.

Kisha Mama akaota uvimbe tumboni. Daktari alisema apasuliwe Nairobi, na asicheleweshwe. Ng'ombe tulikuwa tumeshamuuza kwa ajili ya vipimo, na bonasi ya majani ya chai ilikuwa mbali. Likabaki gari. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Baba hakusita hata dakika. Alikwenda mwenyewe kulitoa juu ya magogo, akalipangusa kutwa nzima.

Mnunuzi alikuja Jumatatu. Alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Mkoa wa Kati zamani, mwenye studio ya picha pale Litein. Alitaka awe akikodisha gari la harusi pamoja na mpiga picha. Alilizunguka, akafungua milango yote minne, akainama akanusa viti.

"Mzee, hii gari umeitunza kama yai," alisema. "Lakini nikuulize tu, usikasirike. Hakuna mtu amewahi kufia ndani?"

"Hakuna," Baba akajibu. "Hata mgonjwa sijabeba."

"Basi hiyo ni yangu. Nipatie mpaka Jumamosi nipange pesa."

Wakashikana mikono. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi juani, amejifunika shuka. Aliniambia nianze kumtafutia sanduku la safari lenye kufuli zima.

Alhamisi aliamka tumbo likiwa limekaza. Kufikia saa nne alikuwa anatapika damu. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikuwa nyumbani, na ufunguo wa gari ulikuwa kwangu. Tangu macho ya Baba yafifie ni mimi niliyekuwa nikiendesha, kwani alinifundisha mwenyewe. Nilitandika shuka kwenye kiti cha nyuma. Nilipogeuka nikamwona Baba amesimama mlangoni mwa banda. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Akifia njiani, hatutauza," alisema. "Tusipouza, hatapasuliwa."

"Akifia njiani, Baba, atapasuliwa nini?"

"Hafi. Lakini mtu akimwona humo anatapika damu, yule bwana wa Litein atasikia kabla ya jioni, na watu watamwambia amefia humo. Lori la majani linapita saa sita. Atapanda lori."

Nataka niseme ukweli, maana nimeuficha miaka mingi kwa kumlaumu yeye peke yake. Ningeweza kumpita. Alikuwa mzee wa macho mabovu, mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita na ufunguo mkononi. Lakini nami nilikuwa naiona Jumamosi. Niliiona Nairobi, wodi yenye mashuka meupe, Mama akirudi amekonda lakini mzima. Niliona Baba ana hoja. Ni mimi pia niliyeukoleza ule wino.

Mama alitusikia. "Mwache baba yako," aliniambia. "Hilo ni gari la maharusi, na mimi niliolewa kwa miguu." Akajaribu kucheka, tumbo likamkataza.

Lori la majani lina kanuni yake. Husimama kwenye kila banda la kupimia, magunia yatundikwe kwenye mizani, karani aandike, yapakiwe. Majani yakikaa yanapata moto na kugeuka mekundu, kiwanda kinayakataa, na jasho la wanawake wa banda zima linapotea. Dereva alitupa nafasi mbele kwa moyo mweupe, lakini hakuweza kuruka banda hata moja, nami sikuthubutu kumwomba. Mabanda yalikuwa saba mpaka hospitalini.

Katika kila banda wanawake walikuja dirishani kumsalimu Mama, kwani alijulikana njia nzima. "Chamgei!" Kwetu salamu hairukwi. Uwe na homa, uwe na msiba, ukiamkiwa unaitikia. Banda la kwanza Mama aliitikia, "Chamgei mising," akamuuliza mmoja habari ya mjukuu. La pili aliitikia tu. La tatu alinong'ona, nikairudia salamu yake kwa sauti ili wamsikie. La nne aliinua vidole viwili kutoka mapajani mwangu.

Banda la tano alikuja mwanamke aliyebatizwa naye siku moja. Akasalimu. Akasalimu tena. Kisha akanitazama mimi, akavua kitambaa chake cha kichwa, akanipitishia dirishani, nami nikamfunika Mama uso. Bado kulikuwa na mabanda mawili, na lori lilisimama kwenye yote mawili. Tulifika hospitalini saa kumi na nusu.

Jumamosi mnunuzi akaja kama alivyoahidi, akakuta matanga. Alikuwa mtu wa adabu. Aliketi na wanaume, akala alichopewa, akatoa pole na kuinuka kwenda zake bila kutaja gari. Ni Baba aliyemwita.

"Hakupanda," Baba akamwambia mbele ya watu wote. "Uliza mtu yeyote hapa. Alikwenda na lori."

Na watu wazima, wazee wa kanisa kati yao, wakatikisa vichwa kuthibitisha. Mmoja akasema ni kweli kabisa, yeye mwenyewe alimwona kwenye lori. Nilitoka nikaenda nyuma ya zizi nikalia mpaka pua ikatoka damu. Nilimchukia baba yangu siku ile. Nilijichukia na mimi, lakini yeye ndiye niliyeweza kumtazama.

Mnunuzi alilipa, na pesa zilizokuwa za Nairobi zikanunua jeneza na kulisha waombolezaji. Baada ya maziko tukaenda kulikabidhi gari. Ilikuwa asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha, na Baba aliyeketi kando yangu alisema neno moja tu njia nzima: niende polepole, nisilichafue. Mabanda yalikuwa matupu saa ile. Niliyahesabu bila kutaka.

Nilipofika mbele ya lango la hospitali nikasimamisha gari, nikatazama saa yangu ya mkononi.

"Mbona umesimama?"

"Hospitali, Baba."

"Tumetumia muda gani kutoka nyumbani?"

Wiki nzima nilikuwa natafuta jiwe la kumtupia, naye amenitia moja mkononi. Ningeweza kumwongopea, kwa macho yale asingejua.

"Dakika ishirini na tano," nikasema. "Na polepole."

Aliniomba kitambaa. Nilidhani ni cha macho, nikampa leso yangu. Alifungua mlango, akashuka, akapapasa ubavu wa gari mpaka akafika mbele, akachutama kwenye matope na kuanza kufuta bampa, kona kwa kona, mabega yakimtetemeka. Wauguzi waliokuwa wakiingia zamu walimkwepa wakapita. Sikushuka kumsaidia. Nilingoja amalize, kisha tukampelekea yule bwana gari lake.