Kanda Namba Nne

"Umemkata mama yangu," alisema mama mmoja, hata kabla hajaitikia shikamoo yangu.

Alikuwa ameteremka kutoka Suji na kaseti ya harusi ya binti yake. Niliihariri mimi, miezi miwili nyuma, katika studio ya picha pale Same, kazi pekee niliyopata baada ya chuo. Siku ya harusi mama yake, kikongwe, alimbariki mjukuu kwa Chasu, lugha ya kwao milimani. Mimi ni mtoto wa manamba. Baba alitoka mbali kuja kukata mkonge, na Chasu sikijui. Niliona bibi anasema neno, ananyamaza, anasema jingine. Nikawaza kutwa nzima kama watazamaji watachoka, nikaondoa dakika nne. Sikumwuliza mtu.

"Alikuwa anawataja wazee wetu, tangu wa kwanza," alisema. "Tumemzika Jumamosi. Hakuna mwingine anayewajua wote."

Nilifungua kompyuta. Vipande vya harusi vilikuwa bado vimepangwa kwenye mstari wake, lakini vyote vyekundu: picha zenyewe nilikuwa nimezifuta ili kupata nafasi. Nikabofya kipande cha bibi nione kilikotoka. Kanda namba nne, dakika ya thelathini na moja. Nilishusha pumzi, kisha nikafungua kabati. Kila sherehe tulianza kuhesabu upya, kwa hiyo namba nne zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa mahafali. Ya pili, harusi ya watu wengine. Boksi la tatu lilikuwa tupu.

Bosi alikuwa Vudee, anarekodi kipaimara. Kanda mpya zilikuwa hazinunuliki, tukirekodi juu ya za zamani. Nikapiga simu yake: haipatikani. Labda angeanza na namba moja. Labda ibada ingekuwa fupi. Labda betri ingekwisha.

"Unasali?" mama aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Hapana, mama."

"Midomo inacheza."

Bosi alirudi saa kumi. "Msomi, mbona kama umefiwa?" Halafu akaiona kanga nyeusi ya mama, akaishusha kamera mezani. Namba nne ilikuwa ndani ya kamera.

Tukaiweka. Watoto wa kipaimara walipita na mavazi meupe, wawili wawili, dakika ya thelathini na moja, ya thelathini na mbili, ya thelathini na tatu. Nilitamani kuwasukuma. Kwenye ya thelathini na nne picha ikachanika, akatokea bibi, mdomo wazi, katikati ya jina la mtu. Akataja mengine manne, akafunga mdomo.

"Hao nawajua," mama alisema. "Ni sisi watoto wake."

Tangu asubuhi nilikuwa nimeandaa namna sita za kuomba radhi. Nikanyoosha mkono kuisimamisha kanda.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha.

"Hilo la mwisho ni langu. Rudisha tena."