Mkubwa Juu ya Toleka

Boti ya mafuta ya magari haijafika Kisangani, pikipiki zimelala, na toleka, baiskeli zetu za kubeba abiria, zimerudi kutawala njia. Jana nimepanda moja. Kando yangu, juu ya toleka nyingine, mkubwa wa ofisi ya barabara, tai shingoni, amekumbatia faili zake. Baiskeli yake ikatumbukia shimoni.

"Aï! Hii trou iko hapa tangu lini?" akauliza, mkono kiunoni.

Mwendeshaji wake hakugeuka. "Tangu siku ulipata jeep, papa chef."

Mkubwa akacheka mpaka faili zikaanguka.

Leo asubuhi nimekuta shimo limejazwa. Mungu anisamehe, naomba boti ichelewe kidogo: mkubwa hajapita bado mtaani kwetu.