Mbuzi Niliyemchinja kwa Haraka

Haraka haraka haina baraka. Mama aliniambia hivyo tangu nikiwa mdogo, nami nikampuuza tangu nikiwa mdogo.

Dada yangu aliolewa na Mwislamu, mkulima wa mpunga kule Mabogini. Baba, mzee wa kanisa hapa mlimani, hakwenda arusini, na kwa miaka sita hakutaka hata kusikia habari zao. Nilimchukia kwa hilo, nasema wazi. Kisha Desemba moja, tukikata majani ya ng'ombe, akasema bila kunitazama, "Mwambie dada yako aje Krismasi. Aje na mume wake."

Siku yenyewe niliamka na furaha ya kijinga. Kabla wazee hawajatoka ibadani nilikuwa nimeshachinja mbuzi, damu nimeikinga kwenye beseni kwa ajili ya kisusio, ile supu ya damu ambayo Mchaga akiikosa haoni kama amekula sikukuu. Mama aliporudi akaliona beseni, akashika kichwa.

"Umechinja wewe? Na shemeji yako atakula nini?"

Hapo ndipo akili iliponirudia. Kila msiba, kila arusi kijijini kwetu, huitwa jirani Mwislamu achinje ili watu wote wale chungu kimoja. Hata mtoto anajua. Na wageni walikuwa wameshapanda gari mjini.

"Tunyamaze," nikasema. "Nani atamwambia?"

Baba akaweka Biblia mezani. "Nimwite mkwe wangu nyumbani kwangu, halafu nimlishe uongo?"

Mkwe wangu. Miaka yote hiyo neno hilo halikuwahi kumtoka.

Alikwenda zizini akamfungua beberu aliyekuwa akimnenepesha kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu. Mama akaanza kusugua sufuria upya kwa majivu, akinisonya kila nilipokaribia. Kisha baba akakata jani la isale kwenye ua wa shamba, akaenda kusimama getini.

Dada alipomwona na lile jani alisimama ghafla. Kwetu, anayeletewa isale ameombwa msamaha, na hana ruhusa ya kukataa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nilikukosea." Akamgeukia mumewe. "Na wewe, baba, huyu shemeji yako amechinja bila kukungoja. Yupo mbuzi mwingine. Tuchinjie, tule wote."

Dada alilia. Mimi pia nililia, nikasingizia moshi wa kuni.

Tulikula alasiri. Baba aliomba, shemeji akakunjua viganja vyake, wakaitikia amina pamoja. Kisusio changu nilikinywa peke yangu jikoni, nikitaniwa na kila aliyepita.

Walipoaga nilimbebea dada kikapu hadi barabarani. Kilikuwa kizito.

"Umeweka mawe humu?"

"Ni hotpoti," akasema. "Wali na maharage. Nilipika alfajiri, nikaogopa mtakuwa mmetusahau."

Nami nilikuwa nimewasahau kweli.

Krismasi iliyofuata alikuja na mchele, watoto na kelele zao. Nilimpokea kikapu, nikakipekua bila hata kuomba ruhusa. Hotpoti haikuwemo.